Kompyuta ya gemu kutoka Kariakoo: uweke Linux ipi?

Msikilizaji wetu mmoja, kijana aliyeuza mpunga wake wa msimu huu, anakwenda Kariakoo kununua kompyuta ya mezani ya mtumba. Itakuwa ya gemu tu, acheze na wadogo zake. Ameshasikia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziruhusiwi Windows 11. Fundi kamwambia aweke Linux, ni bure. Anauliza, Linux ipi?

Kabla ya kumjibu, nami namuuliza: mnataka kucheza gemu gani? Kama ni mpira wa EA Sports FC 24 au FC 25, Linux aiache. Gemu hizo zina programu ya kuzuia udanganyifu isiyokubali Linux. Fortnite vilevile. Gemu nyingi za mchezaji mmoja zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows zinacheza kwa kupitia Proton, programu ambayo kampuni ya Valve iliitoa mwaka 2018.

Halafu aitazame mashine yenyewe. Mitumba mingi ilikuwa kompyuta za ofisini, haina kadi ya picha ya peke yake, inategemea ile ya Intel iliyo ndani ya prosesa. Soma jina la prosesa: i5-4570 ni kizazi cha nne, i5-6500 ni cha sita. Proton hutegemea teknolojia iitwayo Vulkan, na picha za Intel za kizazi cha nne haziimudu sawasawa. Anzia cha sita, hata muuzaji akikuapia kwamba i5 ni i5 tu. Na hapo tarajia gemu nyepesi.

Sasa Linux. Matoleo yake ni kama sembe na dona: mahindi yaleyale, tofauti iko mashineni. SteamOS ya Valve ililengwa zaidi mashine zenye picha za AMD, kwa hiyo kwa mtumba wa Intel ningeiruka. Bazzite, iliyojengwa juu ya Fedora, inakuja na Steam tayari. Nainunulia sifa moja: sasisho linaandaliwa pembeni, umeme ukikatika katikati, mfumo wa zamani bado unawaka. Ila masasisho hayo ni mazito, na bando la kijijini tunalijua. Linux Mint inatokana na Ubuntu, faili lake ni kama GB 3, Steam unaiongeza mwenyewe.

Kwa kijana wetu, mashine ya Intel na mtandao wa kusuasua, nachagua Mint. Akipata yenye kadi ya AMD na intaneti ya uhakika, achukue Bazzite.

Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, kwa hiyo amwombe fundi aiwashe dukani kabla hajatoa hela, ajaribu sauti, Wi-Fi na padi. Gemu azipakue akiwa bado mjini, afungue kila moja mara moja, kisha azime intaneti na azifungue tena. Isiyofunguka hapo, nyumbani haitafunguka.