Gari la Mwisho Ndilo Linalokimbia: Louisville, Columbus hadi Buffalo kwa Magari ya Spoti

Tangu picha za safari yetu zianze kuzunguka kwenye simu za wanachama, kila ninayekutana naye ana swali. "Bwana, ni kweli unazunguka na Wazungu wenye magari ya spoti? Mnashindana? Hela unatoa wapi?" Nimeona bora niwajibu wote kwa mara moja, hasa kwa vile wapo wanaotaka kuja safari ijayo, na mambo mengine ni vizuri mtu ayajue kabla hajawasha gari.

Jibu fupi: hatushindani, na gari langu ni Honda Civic ya zamani yenye gia za mkono. Jibu refu ni hili hapa.

Mimi nasoma uhandisi mitambo Louisville. Kitivo chetu kinaitwa Speed School, na watu hudhani ni utani. Kumbe ni jina la ukoo tu, la J. B. Speed, mfanyabiashara wa zamani wa mji huu. Lakini Kentucky kweli ni jimbo la magari. Corvette zote zinaundwa Bowling Green, chini ya saa mbili kusini mwa Louisville, tangu mwaka 1981. Ndiyo maana hapa si ajabu kumkuta mwalimu wa sekondari au fundi bomba anayemiliki gari la spoti la miaka ishirini iliyopita, analolitengeneza mwenyewe Jumamosi.

Kundi letu lilikuwa la magari manane: Corvette mbili, Mazda Miata tatu, Nissan 350Z moja, Civic yangu, na Datsun 240Z ya mzee mmoja, mhandisi mstaafu, ambaye ndiye kiongozi wa msafara. Mzee huyu aliposikia natoka Tanzania hakuniuliza habari za simba wala Kilimanjaro. Aliniuliza habari za Safari Rally! Na ana haki. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na miaka ile ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiwa na Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Kwa hiyo jamani, tusijione wageni kwenye mambo haya. Sehemu ya sifa za gari lile ilipatikana kwenye vumbi na matope yetu.

Njia yenyewe

Kutoka Louisville kupitia Columbus hadi Buffalo kwa barabara kuu ni kama maili 540, karibu kilomita 870. Ni zaidi kidogo ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Ukishika I-71 halafu I-90 unafika kwa siku moja, na hutakumbuka kitu isipokuwa malori. Sisi tulichukua siku tatu, katikati ya Oktoba, majani yakiwa yamegeuka mekundu na manjano.

Siku ya kwanza tuliacha barabara kuu tukashika US 42, barabara ya zamani inayotoka Louisville hadi Cleveland. Kuanzia Carrollton, mahali mto Kentucky unapoingia mto Ohio, barabara inafuata ukingo wa mto ikipita Ghent hadi Warsaw, na unaona meli za mizigo zikisukuma matishari ya makaa. Kabla ya kuingia Cincinnati tulipitia Covington kulitazama daraja la John Roebling lililofunguliwa mwaka 1866. Lilipofunguliwa ndilo lililokuwa daraja refu kuliko yote duniani kati ya yale yanayoning'inia kwenye nyaya, mita 322 kati ya nguzo na nguzo. Brooklyn ya New York ilikuja baadaye. Jioni tukalala Columbus, na hapo wala msihofu njaa. Mji una mojawapo ya jamii kubwa za Wasomali Marekani nzima, sambusa zipo, wali wa nyama upo, na wengi waliopitia Kenya watakujibu kwa Kiswahili. Hata Louisville na Buffalo Kiswahili kipo, kwa sababu ya ndugu zetu Wakongo.

Siku ya pili hatukuelekea Buffalo kabisa. Tulishuka kusini-mashariki kwenye vilima vya Hocking Hills, halafu tukaitafuta barabara namba 555, inayotoka upande wa Zanesville hadi Little Hocking, zaidi ya maili 60 za kupanda na kushuka. Waliopita Kitonga watanielewa, na Wakenya wakumbuke mteremko wa Mai Mahiu, ila hapa hakuna malori na kona haziishi. Jioni tukarudi Columbus.

Siku ya tatu tulipanda I-71 hadi Cleveland, kisha tukafuata ziwa Erie kwa barabara ndogo: namba 531 kutoka Geneva-on-the-Lake hadi Conneaut, halafu namba 5 ya Pennsylvania, halafu namba 5 ya New York hadi Buffalo. Ziwa Victoria letu ni kubwa zaidi ya mara mbili na nusu kuliko Erie, lakini ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, kama vile uko Bukoba. Ukanda ule wote ni mashamba ya zabibu, kwa sababu maji ya ziwa hupoa polepole na kuchelewesha baridi kali. Oktoba ni mavuno, na ukifungua kioo cha gari, hewa yote inanukia juisi.

Kona inadai nini

Sasa tuje kwenye uhandisi kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Tairi lina akiba moja tu ya kushika barabara. Akiba hiyohiyo ndiyo inayolipa breki, ndiyo inayolipa mafuta unapokanyaga, na ndiyo inayolipa kona. Ni kama mshahara: ukishalipa kodi ya nyumba, ya chakula imepungua. Mtu anayekanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona anadai malipo mawili kutoka mfuko mmoja. Mfuko ukiisha, gari linakwenda moja kwa moja, kwenye mti au kwa wanaokuja mbele. Kwa hiyo breki ni kabla ya kona, barabara ikiwa bado imenyooka.

Jambo la pili ni kwamba dai la kona haliongezeki sawasawa na mwendo. Linaongezeka kwa mraba wake. Chukua kona yenye nusu-kipenyo cha mita 60, za namna hiyo ni nyingi Hocking Hills. Ukiingia kwa maili 40 kwa saa, kona inadai nguvu ya pembeni sawa na kama asilimia 54 ya uzito wa gari. Ukiingia kwa maili 50, inadai asilimia 85. Umeongeza maili kumi tu! Corvette ya kisasa yenye tairi pana inaweza kutoa zaidi ya asilimia 100 kwenye lami kavu, kwa hiyo dereva wake anapita hapo akiwa na akiba. Gari la kawaida lenye tairi za kawaida linafika mwisho kwenye 80 hadi 90. Dereva wa nyuma anaona mwenzake amepita vizuri, anasema "na mimi napita". Mwenzake amepita na akiba mkononi. Yeye anapita na senti ya mwisho.

Breki nazo ni hivyohivyo. Kwa kilomita 50 kwa saa, ukihesabu sekunde moja na nusu ya kushtuka na kisha breki nzuri, unasimama kwa kama mita 35. Kwa kilomita 100 ni kama mita 97. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali umekaribia mara tatu.

Kwa nini wa mwisho anakimbia

Hili wengi hawalijui, hata madereva wazuri. Katika msafara, gari la mwisho ndilo linalokwenda kasi kuliko yote.

Fikiria magari manane yanaingia kona kwa maili 30. Kiongozi anatoka kwenye kona, anapanda hadi 55 ambayo ndiyo ruhusa ya pale. Wakati huo gari la nane bado liko kwenye kona kwa 30. Likitoka, kiongozi ameshatokomea. Ili lifikie wenzake kwa 55 haliwezi; lazima liende 65 au 70, kisha lifunge breki kwa nguvu maana kona nyingine imeshafika. Kiongozi anaendesha kwa starehe anaangalia mandhari, wa mwisho jasho linamtoka. Na kwa desturi zetu za heshima, nani anawekwa nyuma? Mgeni, kijana, mwenye gari dogo.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile kwenye 555. Kijana mmoja mwanafunzi kutoka Nairobi, mara yake ya kwanza kwenye kundi, alikuwa na Miata ya kuazima na alijipanga nyuma kwa adabu. Baada ya maili kama kumi mzee wa Datsun aliweka taa, akaingia kwenye uwanja wa kanisa, akatusimamisha wote. Akamwendea yule kijana akamwuliza kwa upole ana mwendo gani akitoka kwenye kona. Kijana akasema sabini. Mzee hakumgombeza. Alitugeukia sisi tuliokuwa mbele: "Sabini yake ni kazi yetu." Kuanzia hapo kijana aliendesha wa pili, nyuma ya Datsun, akifuata mstari wa mzee na breki za mzee, na Corvette zikapelekwa mkiani. Kufika mchana alikuwa anacheka peke yake ndani ya gari.

Nimeziandika taratibu za kundi letu kwa ajili ya wanaotaka kuanzisha safari zao:

Moja, mgeni anakuwa wa pili, na mzoefu mwenye gari lenye nguvu anakuwa wa mwisho.

Mbili, hakuna kufukuzana. Kwenye kila njia panda, gari linasimama mahali salama hadi lionwe na la nyuma yake. Hakuna anayepotea, kwa hiyo hakuna mwenye sababu ya kukimbia.

Tatu, kila dereva anamlinda wa nyuma yake kwenye kioo. Usipomwona, punguza. Wa mbele yako naye atapunguza, na habari itamfikia kiongozi bila simu.

Nne, simu inakaa chini. New York ilipiga marufuku kushika simu ukiendesha tangu 2001, na Ohio tangu 2023. Sisi tunatumia viredio vya mkononi, kama vya walinzi kule nyumbani, na abiria ndiye anayeongea.

Tano, kwenye vijiji na miji midogo tunakwenda kwa mwendo ulioandikwa. Watu wanaishi pale.

Sita, pombe ni baada ya funguo kuwekwa mezani usiku. Karibu na Carrollton, kwenye I-71, tarehe 14 Mei 1988 dereva mlevi wa pikapu alikuja upande usio wake akagonga basi la kanisa lililokuwa linarudisha watoto kutoka matembezini. Walikufa watu 27, na 24 kati yao walikuwa watoto na vijana. Mahali penyewe pana alama ya kumbukumbu. Sisi tulikuwa njia ya jirani, na mzee alitukumbusha.

Baridi na makaratasi

Tairi nyingi za magari ya spoti ni za kiangazi. Joto likishuka chini ya kama nyuzi 7 za Selsiasi mpira wake unakuwa mgumu, na akiba ile niliyoisema inapungua hata kama lami ni kavu. Asubuhi za Oktoba karibu na Buffalo zinafika huko. Ondoka saa tatu badala ya saa kumi na mbili, na ukianza usijaribu kitu. Baada ya Novemba usiende kabisa na tairi hizo. Theluji inayoletwa na ziwa lile ilileta maafa makubwa Desemba 2022.

Buffalo ni mji wa mpakani. Maporomoko ya Niagara yako kama maili 20 kaskazini, na daraja la Peace Bridge linakuvusha hadi Kanada. Wamarekani wa kundi letu walitaka kwenda kula ng'ambo. Kwao ni nusu saa; kwako wewe mwenye viza ya mwanafunzi ni jambo jingine. Bila viza ya Kanada usisogelee daraja, na soma mabango ya I-190 mapema, maana ukipita njia ya mwisho ya kutokea unajikuta mbele ya afisa. Beba pasipoti, I-20 na I-94 hata kama huna mpango wa kuvuka, na kabla ya safari waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Niagara ya upande wa Marekani inatosha: kisiwa cha Goat Island kinakufikisha ukingoni kabisa. Ukirudi mjini, pita Elmwood Avenue uone majengo ya kiwanda cha Pierce-Arrow, magari ya kifahari yaliyoundwa Buffalo hadi 1938, yale yenye taa za mbele juu ya mabawa.

Kuhusu hela: pamoja na mizunguko yote tulikwenda kama maili 700. Gari linalokula galoni moja kwa maili 25 linahitaji galoni 28. Zidisha kwa bei ya kwenu, gawa kwa watu wawili, ongeza moteli tatu za kugawana. Kama gari ni la kukodi, soma mkataba na bima kabla ya kusaini, na hakikisha jina la kila atakayeshika usukani limeandikwa.

Safari ijayo ni ya majira ya kuchipua, mungu akipenda. Si lazima uwe na gari la spoti. Ukiwa mgeni, njoo. Nafasi ya pili nyuma ya Datsun ni yako.

Wasalaam, na tuonane barabarani.