Sehemu Moja, Majina Mengi: Kasoro ya Kadi za Modeli

Modeli ya kujifunza kwa mashine ni programu inayopitishwa kwenye mifano mingi hadi iweze yenyewe kutambua picha, kutafsiri maneno au kukisia jambo, na kwa kuwa jinsi ilivyofunzwa haionekani kwa macho, mtumiaji hutegemea maelezo yanayoambatana nayo, yaani kadi ya modeli. Mwaka 2019, Margaret Mitchell, Timnit Gebru, mtaalamu mzaliwa wa Ethiopia, na wenzao walipendekeza kadi yenye sehemu 9, zikiwemo matumizi yaliyokusudiwa, data ya mafunzo, data ya tathmini, na tahadhari pamoja na mapendekezo.

Pendekezo hilo lilienea, lakini majina ya sehemu hayakutulia. Katika Hugging Face, ghala kubwa la modeli, kadi moja huandika “matumizi yaliyokusudiwa na mipaka”, nyingine “mipaka na upendeleo”, na nyingine “upendeleo, hatari na mipaka”, hali ambayo humfanya msomaji asijue kama anasoma jambo lile lile au mambo tofauti, na huzuia programu zinazokusanya maelezo ya kadi nyingi kuyalinganisha kwa uhakika.

Uzito wa kasoro hii huonekana Uvira, mji wa Kongo ulio kaskazini mwa Ziwa Tanganyika na unaosumbuliwa na kipindupindu mara kwa mara, ambako wakazi wa mitaa kama Nyamianda huhitaji maelezo ya afya kwa Kiswahili wanachokizungumza. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake wa kimataifa, swc, tofauti na swh wa Kiswahili sanifu, na tofauti hiyo si ya herufi tu, kwa maana munganga huko ni daktari wa hospitali, ilhali mganga katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki hueleweka kuwa ni mtu wa tiba za jadi.

Anayetafuta modeli ya kutafsiri maelezo hayo hukutana na kadi mbili zisizofanana. Kadi ya NLLB-200, iliyotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2022 kwa lugha 200, ina sehemu ya matumizi inayosema waziwazi kwamba modeli ni ya utafiti na haikukusudiwa kwa matini za tiba wala za sheria, lakini Kiswahili chake ni swh. Modeli za OPUS-MT za Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa upande wake, zinao msimbo wa swc, ila kadi zake fupi hutaja lugha, aina ya modeli na alama zilizopatikana kwenye matini zilizotokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova, bila kuwa na sehemu ya matumizi wala ya mipaka. Onyo, kwa hiyo, limeandikwa pale ambapo Kiswahili cha Uvira hakimo, na pale kilipo pana ukimya, ambao msomaji asiye na kigezo kimoja cha majina anaweza kuudhania kuwa ni ruhusa.

Uchunguzi wa kadi 32,111 za Hugging Face, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba sehemu ya mafunzo ndiyo hujazwa zaidi, wakati mipaka, tathmini na athari kwa mazingira hujazwa kwa nadra. Karatasi za maelezo zinazoambatana na dawa barani Ulaya hufuata sehemu 6 zenye mpangilio mmoja, ili mgonjwa ajue mahali pa kutafuta madhara kabla ya kumeza kidonge, na modeli zinazobeba ujumbe wa afya zinastahili nidhamu hiyo hiyo. Waundaji wa modeli na watu wanaozipeleka kwa wananchi wakubaliane juu ya majina machache yasiyobadilika, na sehemu isiyo na maelezo isifutwe, bali ibaki na jina lake na iandikwe kwamba jambo hilo halijapimwa.