Theluji ya Pamba, Nyota ya Chelewa

Kila Desemba theluji huanguka Tanga. Huanguka ndani ya vioo vya maduka tu, maana nje kaskazi imeshaingia na shati limegandana na mgongo. Ni pamba ile ile ya duka la dawa, imechambuliwa ikatandazwa juu ya mti wa plastiki, na chini ya mti amesimama babu mwenye ndevu na koti zito. Sina ugomvi na babu huyo. Nashangaa tu kwamba tunanunua baridi ya watu wengine ilhali mji wenyewe umejaa vitu vya kupambia, na mikono inayojua kuvitumia tunayo.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Kwa mwaka nina misimu miwili ya kukosa usingizi: kumi la mwisho la Ramadhani na wiki za kuelekea Krismasi. Nguo zikishachukuliwa, chini ya meza hubaki chungu ya vipande vya kanga na vitenge, na mapambo yangu mengi yanaanzia hapo. Wateja wangu ni Waislamu na Wakristo, na ziko nyumba zenye wote wawili sahani moja, basi nimejizoesha kutengeneza kitu ambacho kwa mabadiliko madogo kinafaa sikukuu zote. Kalenda nayo inadai hivyo. Idi el-Fitri hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Ile ya Desemba 2000 iliangukia siku mbili tatu tu baada ya Krismasi, na mwaka 2033 itakuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku chache kabla ya Krismasi. Fundi wa wakati huo Mungu amsaidie.

Miaka hii lakini Idi el-Fitri imetuangukia kwenye masika. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili, 2025 mwishoni mwa Machi. Hilo ni jambo la kufikiria kabla hujashika mkasi, kwa sababu karatasi na mvua ya masika havikai pamoja. Vibendera vya nje nakata kwa vitambaa, pembetatu yenye kimo cha kiganja, navishona mfululizo kwenye utepe bila kukata uzi. Mvua ikipiga, vinakauka na kuendelea kupepea. Vya karatasi viwe vya sebuleni. Zamani watu walikuwa wakikata rambo, lakini tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, hata takataka hiyo haipatikani kirahisi, na mimi sikuililia.

Aliyekulia pwani hii hahitaji kufundishwa vibendera vya karatasi. Kila maulidi ya chuo, siku mbili kabla, watoto hukaa barazani na karatasi za rangi, uzi wa katani na sufuria ya uji. Uji huo ndio gundi, na wengi wanaukosea kwa haraka. Koroga vijiko vitatu vya unga wa muhogo katika maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka huku unakoroga. Ukiacha kuwa mweupe ukawa kama kioo, umeiva. Tia shabu kidogo, ncha ya kijiko tu, isagwe kwanza. Shabu inachelewesha uji kuchacha, na kwa joto letu uji usio na shabu kesho yake unanuka.

Karatasi nzuri kuliko zote kwa minyororo na bahasha ni kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita. Ni ngumu, inang'aa upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Tatizo lake ni kwamba kila nyumba imeshaiwekea ahadi ya kujalidia madaftari, kwa hiyo iombe mapema, Januari yenyewe.

Sasa nyota. Hii naipenda kuliko vyote kwa sababu mtoto anayejua kuunda kishada tayari anajua nusu ya kazi. Watoto wa mtaani kwangu walipokuja mara ya kwanza walisimama mlangoni wamejipanga.

"Shikamoo shangazi. Tumeleta chelewa."

"Marahaba. Za fagio la nani?"

Wakanyamaza. Tukaanza kazi.

Chagua chelewa tano nene, zilingane urefu, uziloweke kidogo zisivunjike. Ziunganishe ncha kwa ncha kwa mpangilio ule ule wa kuchora nyota ya pembe tano bila kuinua kalamu. Kila ncha ifunge kwa uzi wa katani. Pale zinapokatana katikati, pitisha moja juu na nyingine chini, kama unavyosuka ukili. Ukizilaza tu moja juu ya nyingine nyota itapinda na hutajua kwa nini. Hiyo ni nyota bapa. Ukitaka yenye tumbo, tengeneza mbili, zifunge pamoja kwenye ncha zote tano, kisha pachika vijiti vitano vifupi katikati yake, mahali chelewa zinapokatana, ili zisukumane. Funika kwa karatasi laini za rangi, uji upakwe kwenye chelewa wala si kwenye karatasi. Ndani weka taa ndogo ya betri. Mshumaa usiuguse kabisa: chelewa kavu, karatasi na upepo wa kaskazi, halafu paa la jirani la makuti!

Ufilipino nyota za jinsi hii huitwa parol. Huundwa kwa mianzi na karatasi na kuning'inizwa madirishani wakati wa Krismasi, na watu wa huko wanazionea fahari. Sisi tunayo mikono hiyo hiyo, ila tumeiachia kishada. Kwa Idi, nyota ile bapa inapata mwezi wake: kata hilali kwenye boksi gumu, uizungushie katani mpaka boksi lisionekane.

Na katani ndiyo mahali Tanga haipaswi kumwomba mtu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea Muheza, Korogwe na kwingineko, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha tani kama 230,000 na kuongoza dunia. Nyuzi za plastiki zikaja zikaiporomosha bei, mashamba mengi yakaota magugu. Leo mtoto wa Tanga anaweza kupamba mti kwa utepe wa plastiki uliosafiri bahari nzima, huku kamba ya katani imefungia mbuzi nyuma ya nyumba.

Nunua kamba mpya ya katani, ifumue nyuzi zake, uzichane kwa chanuo la meno mapana. Singa zitalainika na kung'aa. Kata fungu la urefu wa kiganja, lifunge kiunoni kwa nguvu, litawanye pande zote, kisha lipunguze kwa mkasi liwe duara. Hilo ni ua. Ukilikunja katikati badala ya kulitawanya, ukafunga shingo, una malaika mwenye gauni, na majirani zangu Wakristo wanawachukua hao kabla sijamaliza kuwahesabu. Rangi ipike nyumbani: manjano ya jikoni hutoa njano kali, mbegu za mzingefuri hutoa rangi ya machungwa, na shabu ile ile uliyotia kwenye gundi husaidia rangi kushika. Wanaosuka mikeka wana mizizi ya mdaa kwa rangi nyeusi, lakini hiyo inataka uvumilivu nisio nao. Manjano hupauka juani upesi, basi anika kivulini na upambie ndani.

Kuna kitu kimoja cha mkonge ambacho wapita njia hawakioni. Mmea huo ukishakatwa majani yake kwa miaka kumi hivi, hutoa mlingoti mmoja mrefu, mita tano au sita, huchanua mara moja tu kisha hufa. Kilele cha mlingoti kikikauka kina vitawi vilivyojipanga kuzunguka pande zote, tena ni chepesi kiasi cha kubebwa na mtoto. Jirani yangu mmoja, mwenyeji wa Korogwe, huomba kimoja shambani, hukisimamisha kwenye debe la mchanga, na huo ndio mti wake wa Krismasi. Ananing'iniza maua ya katani na vifuko vya kitenge vyenye karafuu na mdalasini wa Amani, na sebule yake inanukia mpaka barabarani. Kwangu mti huo unashinda tawi la mvinje lililokatwa Raskazone, ambalo siku ya tatu limeshapukutika zulia zima. Anayetaka kitu cha mvinje aokote vile vitunda vikavu vyenye miba miba chini ya mti. Hapungukiwi mtu.

Kombe na simbi ziache pwani. Najua zinapendeza. Lakini ganda unaloliona tupu lina kaa ndani anayeishi humo, na sehemu kubwa ya bahari yetu, kuanzia mdomo wa Mto Pangani hadi kaskazini ya jiji, ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Kifuu cha nazi kikisuguliwa kwa msasa kinang'aa vizuri tu.

Tuje kwenye kadi. Kadi za Krismasi za kuuzwa zilianza London mwaka 1843, pale Henry Cole alipoelemewa na barua za kujibu akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree moja ya kuchapwa. Yaani zilizaliwa na uvivu wa kuandika, na ukizisoma nyingi utaona bado zina damu hiyo. Mimi navutiwa zaidi na kadi ya kwanza ya UNICEF, ya mwaka 1949. Mtoto wa miaka saba huko Chekoslovakia, Jitka Samková, alitaka kulishukuru shirika hilo kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Karatasi haikuwepo, akachora juu ya kipande cha kioo: watoto wanacheza wakizunguka mlingoti. Picha hiyo ndiyo iliyochapwa kuwa kadi. Alichukua kilichokuwepo.

Kilichopo kwangu ni kanga. Kipande cha kanga ukikibandika hivi hivi kwenye karatasi kitafumuka pembeni na kukunjamana. Kitie wanga kwanza: kichovye kwenye ule uji ulioongezwa maji, kikamue, kianike, kisha kipigwe pasi kikiwa na unyevu. Kitakuwa kigumu, kinakatika kama karatasi. Karatasi ya kadi ni manila, ile wanayotumia walimu kwa michoro. Kata ukubwa wa nusu ya karatasi ya kawaida ya kuandikia, uikunje mara moja, itaingia kwenye bahasha ndogo ya kawaida. Kabla ya kukunja, pitisha rula na kalamu ya biki iliyokwisha wino pale katikati. Mkunjo utanyooka wenyewe.

Halafu mimi sibandiki. Nashona. Cherehani inapita kwenye manila bila shida ukitumia sindano namba 14 na mshono mrefu. Mshono mfupi unatoboa matundu ya karibu karibu na kadi inachanika. Tumia sindano iliyochoka, maana karatasi inaua makali, na usiirudishe kwenye hariri ya mteja. Ukitoa uzi kabisa ukashona kwa sindano tupu, unapata mistari ya nukta. Chora nayo hilali au nyota, kadi ikisimamishwa dirishani mwanga unapita. Asiye na cherehani achukue sindano ya mkono na sponji chini ya karatasi, kazi ni ile ile ila mgongo utauma.

Kwenye kanga, pindo ndilo linalofaa kadi, kwa sababu michoro yake ni midogo na inajirudia. Mji una maua makubwa, ukikata unabaki na nusu jani. Wengine hupenda kukata lile jina na kulishona kama salamu. Wazo zuri, lakini soma kwanza! Kanga nyingi zimeandikwa kumjibu mke mwenza au jirani mmbeya, na wifi yako akipokea maneno hayo asubuhi ya Idi hataamini kwamba ulitafuta tu rangi ya kuchanganya.

Kwa watoto, kadi bora haina maneno mengi. Wao asubuhi ya Idi wanapita nyumba kwa nyumba wakitaka mkono wa Idi, na noti iliyokunjwa kunjwa kiganjani haina heshima. Nawashonea kibahasha cha kitambaa kilichotiwa wanga, upana wa noti iliyokunjwa mara moja, kifuniko kinafungwa kwa uzi wa katani. Ukiwa na ukili wa ukindu mwembamba, ukunje mara mbili na kushona pembeni. Hicho mtoto atakitumia mwaka mzima kuwekea golori. Majirani wameanza kuviomba kwa Krismasi pia. Asumini usiziweke ndani hata ukishawishika. Zinanukia usiku mmoja, asubuhi zimegeuka kahawia na zimetia doa. Asumini mahali pake ni kwenye kikuba.

Ndani andika kwa mkono, kwa biki ya kawaida, jina la mtu na jambo moja linalomhusu yeye tu. Kama kadi inapita posta, isiwe na kifungo wala kipande cha kifuu, kwa sababu bahasha yenye nundu hupasuka njiani. Ndugu zetu wa Muscat siku hizi wanatumiwa picha ya kadi kwenye simu kwanza, kadi yenyewe inafuata akipatikana msafiri.

Sikukuu ikipita, vibendera vya kitambaa vifuliwe vikunjwe. Maua ya katani yaingie kwenye kopo la biskuti pamoja na karafuu chache, mfuniko ukaze. Vya karatasi vilivyobandikwa kwa uji usihangaike kuvitunza, mende wa Tanga wanaupenda unga wa muhogo kuliko sisi. Chana karatasi, fungua nyuzi, na zile chelewa zirudishwe kwa mwenye fagio, kama bado hajajua.