Kokedama: Donge Linalokunywa Maji kwa Ngozi

Kokedama haina chungu. Mizizi ya mmea hufumbatwa na donge la udongo, donge likavikwa kuvumwani pande zote, likazungushiwa uzi na kuwekwa kwenye kisahani au kuning'inizwa dirishani. Wajapani waliifikia sanaa hii kupitia mtindo wa bonsai uitwao nearai: mti uliokaa chunguni miaka mingi, hadi mizizi yake ikasukana na kuwa bumba moja, hutolewa na kusimamishwa juu ya sinia ukiwa hivyo hivyo, na kuvumwani hutambaa juu yake. Katika kokedama mikono hufanya kwa saa moja kazi ambayo mizizi ingeifanya kwa miaka.

Anayeanza kujifunza huhangaikia umbo: donge liwe duara, uzi usionekane. Hayo huja kwa mazoezi. Somo lenyewe ni maji, kwa sababu ndani ya donge moja imewekwa pamoja mimea miwili isiyokunywa kwa namna moja.

Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Vijinywele vyake vya chini kazi yake kubwa ni kujishikiza. Katika spishi nyingi jani lina unene wa seli moja tu, tena halina ule utando mzito wa nta unaozuia jani la mwembe kukauka. Kwa hiyo mmea huu hunywa kwa mwili wote, na kwa mwili wote hupoteza. Jua likiwaka hukauka ukajikunja, na shughuli zake zikasimama. Ukilowa, spishi nyingi huanza tena kujitengenezea chakula muda mfupi baadaye. Dunia ina spishi zipatazo 12,000 za kuvumwani, na uwezo huu wa kukauka bila kufa ni mojawapo ya mambo yaliyoziwezesha kuishi juu ya mawe, magome na mapaa, mahali pasipo na udongo wowote.

Mmea uliomo ndani ya donge, tuseme kangaga, hauna uvumilivu huo. Mizizi yake hutaka unyevu, lakini hutaka na oksijeni. Gesi hiyo hupenya katika maji kwa kasi ndogo mara 10,000 hivi kuliko hewani. Donge likijaa maji muda wote mizizi hukosa pumzi ikaoza, hata kama kuvumwani ya nje inang'aa kwa afya.

Ndiyo maana Wajapani huchanganya udongo wa aina mbili. Keto ni udongo mweusi wa kinamasi, uliotokana na matete yaliyooza. Unanata, na ndio unaolishika donge. Akadama ni udongo wa majivu ya volkano kutoka eneo la Kanto, uliokaushwa ukawa punje. Kati ya punje hewa hupita, na ndani ya kila punje maji hukaa. Kipimo kinachotumika sana ni sehemu 7 za keto kwa 3 za akadama. Mchanganyiko hukandwa kwa maji kidogo kidogo mpaka ushikane kama donge la unga wa maandazi. Ukimeguka mkononi, utamegukia pia juani.

Ukubwa nao si suala la urembo peke yake. Donge lenye kipenyo cha sentimita 10 lina ujazo wa sentimita za ujazo 524 hivi; la sentimita 5 lina 65 tu. Eneo la nje limepungua mara nne, lakini akiba ya maji imepungua mara nane. Dogo hukauka haraka zaidi, kwa hiyo anayejifunza aanze na kubwa.

Kumwagilia ni kuzamisha. Donge likitiwa majini, mapovu hutoka: ni hewa inayoondoka kwenye vitundu na kuyapisha maji. Mapovu yakikoma, toa, liminye taratibu, liache lichuruzike. Siku ya kurudia utaijua kwa kulinyanyua, maana wepesi wake husema kabla jani halijanyauka.

Maji yenyewe yanahitaji uangalifu. Kiumbe kinachokunywa kwa ngozi hupokea kila kilichomo, na maji ya chumvichumvi ya visima vingi vya pwani yetu huiunguza kuvumwani. Maji ya mvua ndiyo bora. Joto la usiku pia lina neno: usiku wa joto kuvumwani hutumia, kwa kupumua, sehemu kubwa ya chakula ilichotengeneza mchana. Kokedama itapata taabu zaidi Dar es Salaam kuliko Lushoto au Limuru.

Wengi huuliza waitoe wapi kuvumwani. Nasema kwa moyo wote: si kwenye misitu ya milimani. Katika milima ya Uluguru, mtaalamu wa Hungaria Tamás Pócs alichunguza jinsi mimea inayoota juu ya matawi, kuvumwani ikiwamo, inavyokamata na kuhifadhi maji ya mvua na ukungu. Ni milima hiyo inayolisha mto Ruvu, nao Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kubandua gome la kijani msituni kwa ajili ya pambo la sebuleni ni hasara isiyo na sababu.

Na kweli hakuna sababu, kwa kuwa kipande cha jani la kuvumwani kinaweza kuota mmea mzima. Chukua kiganja kimoja kutoka ukuta wenye kivuli nyumbani kwako, kikaushe, kipukute juu ya trei ya udongo wenye unyevu, funika kwa plastiki inayopitisha mwanga na weka kivulini. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na tandiko lako mwenyewe, lililokwisha zoea hewa ya hapo ulipo.