JE, PUMZI HUPUNGUZA KITAMBI?

Katika makala haya nanuia kuwafafanulia jambo ambalo limewateka wasichana wengi wa kidato chetu, na hata akina mama huko mtaani. Inasemekana ya kuwa ukivuta pumzi, ukaizuia na kubana tumbo kila asubuhi, kitambi kitayeyuka bila jasho. Wapo wenzetu ambao wameacha hata githeri ya saa saba wakitegemea pumzi. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kusema kweli, uvumi huu una chembe ya ukweli. Mafuta ya mwili yanapochomwa hugeuka kuwa maji na gesi ya kaboni dioksidi. Mnamo mwaka wa 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu wakaonyesha kuwa mtu akipoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutokea mapafuni. Ajabu, sivyo? Lakini pumzi ni mlango tu! Kinachochoma mafuta ni mwili kufanya kazi: kukimbia, kulima, kubeba maji. Ukiketi tu na kuhema mbio mbio, unatoa gesi iliyokuwa tayari kwenye damu, na malipo yake ni kizunguzungu. Tumbo litabaki pale pale.

Basi mazoezi haya hayana faida? La hasha! Shangazi yangu huuza mandazi, na kwa miaka mingi amekaanga kwa kuni katika chumba kisicho na dirisha. Moshi wa namna hiyo huharibu mapafu polepole. Njia za hewa hubana, hewa iliyotumika ikakwama ndani, na mtu akaishiwa na pumzi. Kwenye zahanati alifunzwa kuvuta hewa kwa pua, kisha kuitoa akiwa amekunja midomo kama anayepuliza chai moto, kwa muda maradufu. Midomo ikibanwa hivyo, njia za hewa hazijifungi mapema. Siku hizi akipanda mlima wa sokoni hasimami-simami sana. Mapafu yenyewe hayajapona, na dawa bado anameza. Ila jiko amelitoa nje, na mimi naona hilo limemsaidia kuliko yote.

Kuna pia moyo kuwa mzito, hasa mitihani inapokaribia. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Weka mkono tumboni, vuta pumzi ukihesabu sekunde 4, itoe kwa sekunde 6. Hapo utapumua mara 6 tu kwa dakika. Pumzi inapotoka polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua. Dakika 5 zatosha. Ni sharti tumbo liachwe lifure, kwa sababu msuli ulio chini ya mapafu, yaani kiwambo, huhitaji nafasi ya kushuka. Kwa hivyo akina dada wanaokaza mshipi ili waonekane wembamba, jameni, ulegezeni kwanza.

Mwenye pumu naye asithubutu kuacha dawa yake ya kuvuta, na anayeona kizunguzungu arudie kupumua kama kawaida.