Hodi, Karibu, na Maneno ya Mlangoni

Mtu afikapo kwenye nyumba ya mwenzake katika nchi ya Kenya, iwe mwambao au bara, neno la kwanza litokalo kinywani mwake mara nyingi ni "Hodi!" Neno hili si salamu; salamu huja baadaye. Hodi ni swali. Mgeni auliza kama mwenye nyumba yu tayari kumpokea, na jibu lake ni "Karibu!" Mpaka jibu hilo lisikike, mgeni mwenye adabu havuki kizingiti, hata kama mlango u wazi na harufu ya chai yamfikia puani. Watu wengi hutamka maneno haya mawili kila siku bila kuyafikiri. Lakini kati ya hodi na karibu pana kazi kubwa inayofanyika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa mzaha.

Yafaa kutazama jambo hili kwa makini. Mama yuko ndani, jioni, hakutazamia mtu. Leso aliyojifunga ni ya jikoni, watoto wamemwaga uji sakafuni, na sukari imekwisha tangu asubuhi. Mara yasikika sauti: "Hodi hodi, wenyewe mpo?" Mama ajibu kwa sauti ya juu, "Nani huyo?" Mgeni asema, "Ni mimi." "Mimi nani?" "Mimi mwenyewe!" "Mwenyewe wa wapi? Wa hapa tunamjua, huyo wa nje hatujamwona tangu mvua za mwaka jana!" Mgeni acheka, naye aanza kujitetea kwa safari na kazi. Wakati maneno hayo yanapokwenda na kurudi, mama amekwisha kubadili leso, beseni limesukumwa chini ya kitanda, na mtoto mmoja ametoka kwa mlango wa nyuma na kikombe mkononi kwenda kwa jirani. Ndipo lisikikapo neno, "Karibu, pita ndani!"

Mgeni hakuona sukari ikiazimwa, wala hakujua kwamba alisimamishwa mlangoni. Alijiona anataniwa, na mtu anayetaniwa ajua kwamba anapendwa. Kama mama angelinyamaza dakika mbili kisha akafungua, mgeni angeliingia na mashaka moyoni, akajiuliza kama amekuja kwa wakati mbaya. Na kama angeliingia bila kungoja, mama angeliona haya. Kwa hiyo mzaha wa mlangoni si upuuzi. Humpa mwenyeji nafasi ya kujitengeneza, na humpa mgeni hakika ya kwamba anatakiwa, na hakuna aliyelazimika kusema neno lolote la kumwaibisha mwenzake.

Watu wa mwambao wameishi kwa desturi hii kwa karne nyingi, na kwao ina mizizi katika dini. Sura ya 24 ya Kurani, aya ya 27 na ya 28, yawaagiza waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka wameomba ruhusa na kuwasalimu waliomo, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Mafundisho ya Mtume yaongeza kwamba ruhusa huombwa mara tatu. Asipojibiwa, mtu huenda zake bila kinyongo. Tena yako masimulizi ya sahaba Jabir aliyekwenda kwa Mtume kwa ajili ya deni la baba yake. Alipobisha na kuulizwa ni nani, alijibu, "Mimi." Mtume akalirudia neno hilo, "Mimi, mimi," kama mtu asiyependezwa nalo. Kweli, "mimi" ni jina la kila mtu. Mgeni mwema hutaja jina lake, na ikiwa hajulikani sana, hutaja pia ni mtoto wa nani na ametoka wapi. Yule anayejibu "mimi" kwa utani lazima awe na sauti inayojulikana katika nyumba hiyo; mgeni wa kwanza hana haki ya mchezo huo.

Nyumba zenyewe za mwambao zilijengwa kwa kufuata adabu hii. Katika mji wa kale wa Lamu, ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, nyumba nyingi kubwa za mawe ni za karne ya 18. Mbele ya mlango pana ukumbi mdogo wenye viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta, uitwao daka. Hapo ndipo wanaume hukaa kuzungumza, na mgeni asiye jamaa aweza kupokewa hapo, akanywa kahawa, akamaliza haja yake na kuondoka bila kuingia ndani. Kisha kuna mlango wa nakshi wenye mbao mbili na mti wa katikati uitwao mfaa. Nyuma ya mlango njia haiendi moja kwa moja. Hupinda, ili anayepita nje asiweze kuona waliomo uani. Mgeni wa heshima atakayelala hupewa chumba chake kiitwacho sabule, na neno hilo ndilo ambalo leo, kwa umbo la "sebule", hutumiwa kwa chumba cha kupokea wageni hata katika nyumba za matofali huko bara. Basi nyumba ya namna hiyo ina hodi zaidi ya moja. Mtu hupokewa hatua kwa hatua, na kila hatua ina neno lake.

Aliyekaribishwa sana huoneshwa kwa harufu pia. Udi huwashwa katika chetezo, na marashi hunyunyizwa mikononi mwa wageni kwa chombo cha shingo ndefu kiitwacho mrashi. Hapa napo kuna mchezo: vijana wa nyumba, wakimwona rafiki yao amevaa kanzu mpya, humwagia marashi mpaka aombe amani.

Huko bara nyumba ni za namna nyingine, lakini shauri ni lile lile. Nyumba ya desturi ya Kimasai hujengwa na mwanamke, na huingiwa kwa njia nyembamba yenye kona, kwa hiyo aingiaye husikika kabla ya kuonekana. Katika boma la Kijaluo lililojengwa kwa kufuata mila, lango kubwa liitwalo rangach huelekeana na nyumba ya mke wa kwanza, mikayi. Mgeni huonekana tangu langoni, na kwa hiyo hodi yake huanza mbali. Kabla hajafika mlangoni, amekwisha kuulizwa habari za njiani na kujibu. Watoto wa Kimasai humwinamishia mkubwa vichwa, naye huwagusa utosini. Salamu hiyo haihitaji maneno mengi.

Lakini si kila mtu ataniwe. Katika jambo hili wageni wa mila hukosea mara nyingi, na kosa lake huumiza. Babu na bibi wana ruhusa kamili ya kuwatania wajukuu. Bibi akisikia hodi ya mjukuu wake wa kiume mwenye umri wa miaka saba, aweza kuuliza, "Ni mwizi au ni mume wangu? Kama ni mwizi, hapa hakuna kitu. Kama ni mume wangu, mbona amekuja mikono mitupu?" Mtoto hucheka mpaka akaanguka, na siku nyingine huja na mhindi mmoja mkononi, akatangaza tangu nje kwamba mume ameleta chakula. Kwa mzaha huo mtoto hujifunza kwamba mgeni hatazamiwi kuja na mali, ila moyo wa kukumbuka. Watani na mashemeji nao wana uhuru wao. Lakini mkwe ni mtu mwingine kabisa. Kwa makabila mengi ya Kenya mkwe wa kiume hamtanii mama wa mke wake, na kwa desturi za zamani hakuingia nyumbani mwake ovyo. Mkwe huyo akipiga hodi, hujibiwa kwa sauti ya chini na maneno machache, na huo ndio ukarimu wenyewe. Mwenyeji anayemchekea kila mtu kwa namna moja hajui bado wageni wake ni nani.

Saa ya chakula ndiyo inayoleta haya kuliko saa zote. Mgeni amefika, sahani ziko chini, na kila mtu ametulia mkono hewani. Aliyefika huona kama kwamba amekuja kuomba. Watu wa Afrika ya Mashariki wana neno la kumponya: humwambia kwamba mama mkwe wake ampenda. Kwa maneno hayo kuja kwake wakati wa kula si kosa lake tena. Ni bahati aliyojaliwa. Hata asiye na mke huambiwa hivyo, naye hujibu kwamba mama mkwe huyo angemleta na binti yake. Watu wote hucheka, na mahali hupatikana mkekani. Kama kweli ameshiba, husema "Starehe", yaani msisumbuke kwa ajili yangu, na hakuna anayekasirika. Lakini kukataa hata maji si vizuri.

Mchezo mkubwa kuliko yote ya mlangoni ni ule wa arusi. Kwa Waswahili wa mwambao, bwana arusi aliyekuja kumchukua mkewe hakufunguliwa bure. Wanawake wa upande wa bibi arusi walishika mlango na kudai haki yao, na haki hiyo ilikuwa na jina: kifungua mlango. Alipolipa na kuingia, yalimngoja madai mengine, kama kiosha miguu kwa aliyemwosha miguu, na kipa mkono kwa bibi arusi mwenyewe. Fedha hizo hazikuwa ndizo zilizomnunua mke; mahari ilikuwa imekwisha kupatanwa. Zilikuwa ada za kicheko, na bwana arusi aliyezitoa kwa uso mkunjufu alisifiwa kwa muda mrefu.

Wakikuyu wana jambo linalofanana na hilo, na hata leo laonekana siku za posa na arusi. Wageni wa upande wa mume wafikapo, hukuta lango limefungwa. Wanawake walio nje huimba wakiomba kufunguliwa. Walio ndani hujibu kwa kuimba wakiuliza ni kina nani, wametoka wapi, wamebeba nini. Wa nje husema wamechoka, jua ni kali. Wa ndani husema hawajasikia vizuri. Jambo hili laweza kuchukua muda mrefu, na wanaume waliovaa suti husimama kando wakipangusa jasho, kwa sababu neno lao hapo halina nguvu. Kila mtu ajua kwamba lango litafunguliwa. Hata hivyo, kwa wakati ule mfupi, nyumba inayompoteza binti yake huonesha kwamba ingeweza kukataa, na wale wanaomchukua hukiri kwamba wanaomba. Bila mchezo huo, kumchukua binti wa watu kungefanana na kuchukua mzigo stesheni.

Basi katika miji ya leo mambo yamebadilika. Katika majumba ya ghorofa ya Nairobi mlango una chuma mbele yake, na langoni yuko askari anayeandika majina kitabuni. Mgeni wengi hupiga simu kwanza, na hodi yao imekwisha kujibiwa kabla hawajatoka kwao. Hili si baya. Mwenye nyumba wa mjini hajui kila sauti, na kumfungulia asiyemjua kwa sababu tu amesema hodi kwa upole si ukarimu bali ni uzembe. Anayepiga hodi mahali pasipomjua asione vibaya akiulizwa jina lake mara mbili na kungojeshwa nje ya chuma. Hiyo ndiyo kazi ya hodi tangu zamani. Wala mwenyeji asione haya kusema kwamba leo haiwezekani. Wako wanaomtuma mtoto aseme kwamba mama hayupo, na mtoto, kwa kuwa ni mtoto, husema, "Mama amesema hayupo." Afadhali mtu atoke mwenyewe mpaka kizingitini, amshike mgeni mkono, acheke naye kidogo na kumpa siku nyingine, kuliko kujificha nyuma ya pazia.

Kuaga nako kuna ruhusa yake. Mgeni hatoki tu. Husema, "Nipeni ruhusa," na mwenyeji aliyependezwa hujifanya hakusikia, au hudai kwamba ufunguo wa mlango umepotea. Baada ya ombi la pili au la tatu hujibu, "Ruhusa unayo," kisha husindikiza mpaka njiani.

Kuhusu kengele za umeme, zimeenea sana katika nyumba za mijini, lakini hazikuweza kuliondoa neno la zamani. Wako watu wengi Mombasa na Nairobi ambao, baada ya kubonyeza kengele na kusikia ikilia ndani, huukaribia mlango, wakagonga kidogo kwa kidole, na kuita, "Hodi jamani!"