Koili ndani ya chaja: kidogo kinachounguza kikubwa

Mtaa wa Matonge mjini Brussels, uliorithi jina lake kutoka Kinshasa, uko umbali mfupi kwa miguu kutoka Bunge la Ulaya. Huko nilimpelekea fundi mmoja, mzaliwa wa Bukavu, kifaa kilichoungua. Nilikuwa nimekinunua na kumtumia dada yangu nyumbani, ili achajie simu za majirani kwa betri ya gari inayojazwa na paneli ya sola. Kilidumu wiki tatu, kikarudi mkononi mwa msafiri. Kwetu sisi tulio uhamishoni, simu ya dada ikizimika hatuna tena njia ya kujua kama kumekucha salama.

"Muzee, hii koili ni kadogo sana," alisema fundi.

Kazi ya kifaa hicho ni kushusha volti 12 za betri hadi volti 5 za simu. Zamani ziada iligeuzwa joto, na zaidi ya nusu ya nishati ilipotea bure. Siku hizi transista huuwasha na kuuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Koili, yaani waya uliozungushiwa kiini cha sumaku, hupokea nishati umeme unapowashwa na kuitoa unapozimwa. Ni mfano wa pipa lililo kati ya bomba la maji ya mgao na jiko: bomba hufunguliwa na kufungwa, lakini jikoni maji hayakatiki.

Ukubwa wa pipa hilo hupimwa kwa mikrohenri. Tuchukue simu mbili zinazovuta jumla ya ampea 2, na transista inayopiga mara 150,000 kwa sekunde. Ni desturi kuruhusu mkondo upande na kushuka kwa takriban asilimia 30, yaani ampea 0.6. Toa 5 katika 12, upate 7. Zidisha kwa 5, gawa kwa 12, kisha gawa kwa 150,000 na kwa 0.6. Jibu ni kama mikrohenri 32. Lakini betri ya sola haitulii kwenye volti 12. Jua likiwa kali hufikia 14.4, na hesabu ileile hutoa 36. Madukani ziko za 33 na za 47. Chukua ya 47.

Hapa wengi hukosea, kwani koili huandikwa kwa tarakimu tatu, na ya mwisho ni idadi ya sufuri. Iliyoandikwa 470 ni ya mikrohenri 47, na iliyoandikwa 101 ni ya 100.

Jambo zito zaidi ni mkondo. Kila kiini kina kikomo cha usumaku. Kikishiba, koili hugeuka waya mtupu, mkondo huruka ghafla na transista huungua. Katika mfano wetu kilele ni kama ampea 2.25, hivyo tafuta koili isiyoshiba kabla ya ampea 3. Kiini cha feraiti hushiba kwa ghafla, na mapema zaidi kinapopata joto, jambo la kukumbukwa na anayefanya kazi chini ya bati saa saba mchana. Kiini cha unga wa chuma hushiba polepole, ila hupoteza nishati zaidi.

Mkondo wa pili ni ule unaovumiliwa na waya wenyewe. Waya wenye ukinzani wa omu 0.1, ukipitisha ampea 2, hutoa wati 0.4 za joto. Muuzaji hupenda kutaja mkondo mkubwa kati ya hiyo miwili. Wewe fuata mdogo. Ukiweza, nunua koili iliyofunikwa, vinginevyo redio iliyo karibu itakoroma.

Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima ziwe na tundu la USB-C. Ni hatua njema, ingawa kwa kulitazama tundu huwezi kujua koili ni ya namna gani.

Fundi wangu aliweka ya mikrohenri 47 inayohimili ampea 4, akakiwasha kwa saa nzima huku akiigusa kwa kidole. Ilikuwa vuguvugu tu. Jumamosi kifaa kiliondoka na msafiri mwingine.